Sura ya Nne: Mteja Asiyewahi Kuwasha Tanuri

Saa tatu na dakika tano asubuhi Zélie Corriveau aliketi kwenye kiti cha wageni katika ofisi ya Levasseur na Mwanawe, wauza mafuta ya kupashia nyumba joto. Saa tatu na dakika sita alisimama. Kiti hakikuwa na kosa lolote. Zélie ndiye hakuwa mtu wa viti. Kwa miaka ishirini na miwili katika ofisi ya sherifu alikuwa amewachosha washukiwa kwa kutembeatembea tu mbele yao, na tangu astaafu na kuwa mpelelezi wa vitabu vya hesabu, aliendelea kutembeatembea mbele ya karatasi, ambazo kwa bahati mbaya hazichoki.

Karatasi ya leo ilikuwa moja, na aliyeishika alikuwa Prescott Hale.

"Dola elfu arobaini na moja, mia nane na sitini," alisema Prescott, akiigonga kwa kalamu. "Hii ni ripoti ya umri wa madeni. Safu ya mwisho, zaidi ya siku tisini. Wateja tisa. Wakulima wanane, na kitu kinachoitwa Kambi ya Ziwa ambacho hakipokei simu. Nimewapigia wakulima watatu. Wote wanaapa wamelipa. Sasa niambie, Bi Corriveau: mteja akisema amelipa, na kompyuta ikisema hajalipa, pesa zimekwenda wapi?"

"Wewe unaona zimekwenda wapi?"

Prescott alinyoosha kidevu chake kuelekea dawati la pembeni.

Kijana Prescott alikuwa ametumwa kutoka Portland na kampuni iliyotaka kuinunua biashara ya Levasseur: magari matatu, matangi mawili makubwa na wateja mia nne kando ya mto. Alivaa viatu vyenye ncha kali kiasi kwamba angeweza kufungulia barua. Watu wa Petit-Gué humwita mtu kama huyo wa kuja, na humwita hivyo hata akikaa miaka hamsini akazikwa hapo hapo.

Kwenye dawati la pembeni alikaa Bernadette Sirois, karani wa ofisi hiyo kwa miaka thelathini na minne. Sweta la kijivu, miwani kwenye kamba, muhuri wa mpira mkononi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya baridi kali ya Oktoba, wiki ambayo bonde zima hugundua kwa pamoja kwamba tangi ni tupu, na simu haikupumua.

"Levasseur, subiri. Levasseur, subiri. Levasseur, Rosaire, nimekwambia Jumatano, na Jumatano haijahama." Akaweka simu chini. Akagonga muhuri kwenye ankara. IMELIPWA. Dawati likatikisika.

Juu ya kichwa chake ukutani kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kalenda ya Mtakatifu Anna, zawadi ya hija. Cha pili ni ubao uliopakwa rangi nyekundu kwa mkono mzito: HAPA HATUPOKEI VIAZI. Ubao huo ulikuwa umekaa pale tangu Zélie akiwa msichana, na kama kila kitu kinachokaa mahali muda mrefu, hakuna aliyekuwa akiusoma tena.

Mwenye mkono mzito alikuwa amesimama dirishani, kofia kichwani, akiyatazama magari yake kama mtu anayeagana na ng'ombe. Gérard Levasseur alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ndiye aliyempigia Zélie simu.

"Naibu wa sherifu anakuja saa kumi," alisema bila kugeuka. "Huyu kijana anasema bila hati ya polisi hakuna mauzo."

"Siyo mimi, ni kampuni," alisema Prescott.

"Na bila mauzo sina pesa ya kumpa Bernadette kiinua mgongo nilichomwahidi. Na kukiwa na hati ya polisi, Bernadette hana kiinua mgongo wala jina. Jua halijatua, kila jiko kando ya mto huu litakuwa limemkaanga." Akavuta pumzi. "Una saa saba, Zélie. Tafuta pesa zangu."

Zélie alienda hadi dawati la pembeni, akarudi, akaenda tena.

"Bernadette. Wakulima wamelipa?"

"Sina la kusema."

"Umechukua pesa?"

Bernadette alishusha miwani. "Zélie Corriveau, mimi ndiye niliyekufundisha katekisimu. Uliniuliza maswali ya kijinga wakati ule pia."

"Basi nijibu la maana."

"Siwezi. Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

Simu ililia. Bernadette aliipokea kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni.

"Umesikia!" alinong'ona Prescott, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye matangi. "Ameapa! Ana mshirika!"

Zélie alimtazama kwa upole, kama daktari anavyotazama kidole kilichobanwa mlangoni na mwenyewe. Akachukua ile karatasi.

"Hii umeitoa kwenye mashine hivi hivi?"

"Niliisafisha kwanza."

"Ulisafisha nini?"

"Takataka. Ile mistari yenye alama ya kutoa. Ripoti ilikuwa imejaa maingizo ya jarida, vitu visivyo na mpango, vinachafua ukurasa. Mimi nilitaka madeni tu."

Zélie aliacha kutembea. Waliomfahamu walijua kwamba hiyo ni ishara mbaya.

"Bwana Hale, mpelelezi akiingia kwenye chumba cha marehemu akakuta umeshapiga deki, unadhani atakushukuru kwa usafi?"

"Ni hasi tu. Hasi siyo deni."

"Hasi ni pesa ya mtu iliyokosa mahali pa kukaa. Bernadette, toa ripoti upya. Yote. Pamoja na takataka za huyu bwana."

Bernadette aliitazama kalenda ya Mtakatifu Anna, kisha mashine, kisha Zélie. Akabonyeza. Mashine ya kuchapa ilikohoa, ikatema kurasa mbili. Zélie alizisoma akiwa njiani kati ya dirisha na mlango, na kwenye safari ya tatu akasimama.

Mstari wa kwanza kabisa ulisomeka: *Beaupré, Anne. Hasi dola 38,640.*

Chini yake, maingizo manne ya jarida. Oktoba, miaka minne iliyopita: 9,120. Oktoba iliyofuata: 9,480. Iliyofuata: 9,840. Oktoba ya mwaka jana: 10,200. Hakuna ankara hata moja. Hakuna malipo hata moja ya kawaida.

Mtu asiyejua vitabu anahitaji kujua jambo moja tu hapa. Mteja akilipa, karani hufungua ukurasa wa kupokea malipo, huchagua ankara, huweka alama, na ankara hutoweka kwenye ripoti. Huo ndio mlango wa mbele. Ingizo la jarida ni mlango wa nyuma: unaandika kiasi upande huu na upande ule, na mashine inakubali, lakini hailifungi na ankara yoyote. Deni linabaki limesimama upande mmoja wa ripoti, na malipo yamesimama upande mwingine, kama mume na mke waliogombana kwenye sherehe. Kila mwezi yanazeeka. Hayasalimiani.

"Mteja hewa!" alisema Prescott. Alikuwa amesoma juu ya bega la Zélie, na mashavu yake yalikuwa mekundu kwa furaha. "Hii ndiyo mbinu yenyewe! Unabuni mteja, unamwekea maingizo, unaficha wizi. Tulifundishwa."

"Walikufundisha pia kwamba mwizi humwekea mteja wake hewa anwani?"

Anwani ilikuwepo. Nambari 21, Barabara ya Kanisa.

"Gérard, unamjua Anne Beaupré?"

"Mimi na kompyuta hatujuani," alisema Gérard dirishani. "Mambo hayo alikuwa nayo Jeannine, Mungu amlaze pema. Yeye na Bernadette. Mimi ninauza mafuta."

Jeannine, mkewe, alikuwa amefariki majira matatu ya baridi yaliyopita. Zélie aliona kwamba jina hilo lilipotajwa, muhuri wa Bernadette ulisimama hewani kwa muda, kisha ukashuka polepole, bila kishindo.

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Fernand Plourde, dereva wa gari namba mbili, aliingia akinuka mafuta, akachukua kahawa na orodha yake, na andazi la mtu mwingine.

"Fernand," alisema Zélie, "nambari 21, Barabara ya Kanisa. Umewahi kujaza tangi hapo?"

"Hapo hapana tangi."

"Una hakika?"

"Mama, mimi nasahau sura za watu, nasahau siku ya ndoa yangu, muulize mke wangu. Tangi sisahau. Pale ni ukumbi wa parokia. Wanapasha kwa kuni tangu enzi za babu yangu. Huyo Anne Beaupré wenu angenunua mafuta, angeyanywa." Akalitazama andazi. "Hili la nani?"

"Langu," alisema Prescott.

"Lilikuwa," alisema Fernand, akatoka.

Zélie alikuwa ameshavaa koti. Mteja aliyelipa kila Oktoba na ambaye hajawahi kuwasha tanuri alistahili kutembelewa.

*

Ukumbi wa parokia ulinuka maharage. Ilikuwa Ijumaa, na karamu ya maharage ni Jumamosi, na katika Petit-Gué maharage huanza kupikwa kabla dhambi za wiki hazijaungamwa. Jikoni, Aurore Deschaine, mpishi mkuu, alikuwa akiyatisha masufuria sita kwa mwiko.

"Zélie! Umekonda. Keti ule."

"Siketi."

"Basi kula umesimama." Akamkabidhi ployes mbili, chapati laini za bonde hilo, zilizokunjwa na siagi.

Zélie alikula akizunguka meza. "Aurore, nataka kuona chini ya sakafu."

"Chini hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, sitakawia."

"Kuna giza."

"Nina tochi."

"Kuna panya."

"Nina viatu."

Aurore aliishiwa na viumbe. Zélie alifungua mlango mdogo nyuma ya jiko na kushuka.

Chini kulikuwa kukavu na baridi, baridi ya kuhifadhia vitu. Mizani kubwa ya chuma. Mapipa matupu, hamsini au zaidi, yamepangwa kwa heshima kama waumini. Sakafu ilikuwa na vumbi la udongo mkavu. Kwenye boriti mtu alikuwa ameandika kwa chaki miaka minne, na mbele ya kila mwaka idadi ya mapipa. Idadi ilikuwa ikipanda mwaka hadi mwaka, kama yale maingizo manne yalivyokuwa yakipanda.

Katika mkanda wa chuma wa pipa moja kulikuwa kumekwama kikaratasi chekundu. Nambari 14. Nyuma yake: *L. Nadeau.*

Zélie alikijua kikaratasi hicho kabla hajakigeuza. Kila mtoto wa bonde hili amewahi kuviweka mfukoni, majuma matatu ya Septemba ambapo shule hufungwa na madarasa yote huinama shambani. Ukijaza pipa, unabandika tiketi yako juu yake, ili jioni ihesabiwe. Mashine zimechukua mashamba makubwa, lakini wakulima wadogo bado wanaokota kwa mkono, na bado wanahesabu kwa tiketi. Lucien Nadeau alikuwa mkulima mdogo. Pia alikuwa wa nne kwenye ile karatasi ya Prescott.

Alipanda ngazi na kuiweka tiketi mezani, kando ya bakuli la chumvi.

Aurore aliitazama kama mtu anayetazama bili. "Usiniulize. Niliapa."

"Na wewe?"

"Parokia nzima iliapa. Padri mwenyewe aliapa, na yeye haruhusiwi. Alibaki Gérard peke yake."

"Mliapa kwa nani?"

"Kwa marehemu mmoja usiyemjua."

"Jeannine Levasseur."

"Sijasema! Zélie, ushuhudie, sijasema!" Aurore alikoroga maharage kwa nguvu hadi yakalalamika. "Tena yeye akiwa kitandani amebakiza siku mbili, alimshika Bernadette mkono akamwambia, Gérard asijue hata siku moja. Hilo pia sijasema."

"Tiketi zikishahesabiwa huenda wapi?"

"Kwa anayehesabu, bila shaka. Chukua ployes nyingine, una sura ya kesi."

*

Saa nane mchana Zélie alirudi ofisini. Prescott alikuwa akizungumza na Portland kwenye simu yake, na Gérard alikuwa nje akimfokea Fernand kuhusu mpira wa kujazia mafuta. Zélie alivuta kiti hadi mbele ya Bernadette, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa. Goti lake lilibaki likirukaruka peke yake.

"Uliapa kutosema," alisema.

Bernadette akaendelea kupanga ankara.

"Uliapa pia kutogonga muhuri?"

Bernadette alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu wa mwalimu wa katekisimu, akipitia kiapo chake neno kwa neno, akitafuta muhuri ndani yake. Hakuuona. Akavuta karatasi tupu na kufungua kidau cha wino.

"Wakulima wanane walilipa?"

*Pa!* IMELIPWA.

"Kwa pesa?"

Kimya.

"Kwa kile kitu kilichoandikwa kwenye ubao ulio juu ya kichwa chako?"

*Pa!*

"Kila vuli walikipeleka chini ya ukumbi, kikapimwa, akaja mnunuzi, akaandika hundi moja kwa jina la kampuni hii?"

*Pa!* Kalamu ziliruka kwenye kikombe.

"Na hundi hiyo uliipeleka benki. Siyo kwako. Benki."

*Pa! Pa!* Mara mbili, na mara ya pili kwa hasira.

"Nipe taarifa za benki za Oktoba. Miaka yote minne."

Zilikuwa tayari kwenye droo ya chini, zimefungwa kwa utepe. Zélie alipitisha kidole. Hundi moja kila Oktoba, ndani ya akaunti ya Levasseur na Mwanawe: 9,120. 9,480. 9,840. 10,200. Pesa hazikuwahi kupotea hata saa moja. Zilikuwa benki zikimngoja mtu azitambue.

"Kwa nini hukuwaandikia kila mmoja jina lake? Hapana, hilo haligongeki. Ngoja." Zélie aliigeuza kompyuta, akafungua ingizo jipya la jarida na kuandika majina mawili ya wateja kwenye ingizo moja. Mashine ilikataa kwa mlio. Katika ingizo moja ilikubali mteja mmoja tu. "Hundi moja, wakulima wanane, na mashine inataka jina moja. Ukatafuta jina la mtu ambaye Gérard hawezi kumdai."

Wote wawili walitazama kalenda ya hija ya Beaupré. Mtakatifu Anna aliwatazama, akiwa amebeba miaka minne ya mapato bila kulalamika.

*Pa*, muhuri ulisema, polepole.

"Lakini nani alileta mapipa mangapi? Bila hilo siwezi kumgawia kila mtu haki yake."

Bernadette alifungua mkoba wake, si droo, na kutoa kopo la kakao. Ndani, tiketi: nyekundu za Nadeau, buluu za Daigle, kijani, njano, mafungu manane kwa kila mwaka, kila fungu na uzi wake na hesabu yake kwa penseli.

Prescott alikata simu. "Hivi ni nini?"

"Takataka," alisema Zélie. "Kaa hapa. Utasoma, mimi nitaandika. Na usisafishe chochote."

Kazi ilianza. Zélie alifungua akaunti mpya na kuiita Kivuko, kwa sababu kazi yake ni ile ya kivuko: kinachopanda upande huu lazima kishuke upande ule, na mwisho wa siku kisibaki na abiria. Kwa ingizo moja alimtoa Mtakatifu Anna dola 38,640 na kuzipandisha Kivukoni. Kisha, mkulima mmoja mmoja, kila mmoja na ingizo lake, akazishusha.

"Nadeau," alisoma Prescott, akihesabu tiketi kwa ncha ya kalamu. "Miaka minne. Jumla elfu tano mia mbili na kumi."

"Ankara zake za zamani?"

"Elfu tano..." Prescott aliisoma tena. "Elfu tano mia mbili na kumi."

Zélie alifungua ukurasa wa kupokea malipo, akachagua jina la Nadeau, akaweka alama kwenye ankara, akaweka alama kwenye ile hasi iliyoshushwa sasa hivi, na pale panapoandikwa pesa zilizopokelewa akaandika sifuri. Akahifadhi. Deni na malipo vilionana uso kwa uso baada ya miaka minne, na vyote viwili vikatoweka kwenye ripoti.

"Vimeenda wapi?" aliuliza Prescott.

"Vimesameheana. Mwingine."

Daigle akatoweka. Akatoweka wa tatu, wa nne. Simu ililia na Bernadette akaijibu. Saa ya ukutani ilifika saa tisa, ikapita, ikakaribia saa tisa na nusu. Kwa mkulima wa sita hesabu ilikosa dola sitini, na Zélie aliinuka, akazunguka chumba mara nne, akarudi na kukuta tiketi tatu za njano zimegandana kwa kakao ya kale. Prescott alizibandua kwa ukucha, ulimi nje kidogo, kama anayetegua bomu.

Saa kumi kasoro dakika kumi Kivuko kilisoma sifuri. Mtakatifu Anna alisoma sifuri.

"Kwa hiyo hajaiba," alisema Prescott.

"Tiketi za nani hizo?"

Sauti ilitoka mlangoni. Gérard alikuwa amesimama pale, na haikujulikana tangu lini. Alikuja hadi dawatini, akaokota tiketi moja nyekundu kwa vidole viwili. Hakuna aliyesema lile neno. Lilikuwa limepakwa rangi ukutani, futi moja juu ya vichwa vyao.

"Baba yangu alipokea vitu hivi," alisema Gérard. "Majira mamoja tu ya baridi. Akawapa watu mafuta, wakampa mapipa mia nne, yakaoza chini ya nyumba hii hadi Machi. Aliuza magari mawili. Nikaapa." Akaitazama tiketi. "Miaka mingapi?"

Bernadette hakugonga muhuri.

"Kwenye kompyuta, minne," alisema Zélie. "Kwenye kadi za karatasi kabla yake, sijahesabu, na naona kadi ni nyingi. Mkeo alimpata mnunuzi kabla ya mavuno, ndipo akawapokea wakulima. Hakuna kilichooza. Bila hivyo wakulima wanane wangepita baridi bila moto, au wangenunua kwa mshindani wako. Alijua utakataa. Kwa hiyo hakukuuliza."

"Na wewe," Gérard alimwambia Bernadette, "ungekubali kuondoka na naibu wa sherifu kuliko kuniambia?"

"Nilimwahidi Jeannine," alisema Bernadette. "Wewe hukuniuliza kama nimeiba, Gérard. Ulimwita Zélie aniulize."

Gérard alivua kofia. Watu wa Petit-Gué wangekwambia kwamba hilo hutokea kanisani na mazishini tu.

Nje gari lilisimama. Naibu wa sherifu, mwanamume mnene aitwaye Roland Theriault, ambaye Zélie mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, aliingia akipangusa miguu. "Mchana mwema. Nani nimchukue? Nina mkutano wa shule ya mtoto saa kumi na moja."

"Ngoja," alisema Prescott. Alikuwa ameitoa ripoti upya, yeye mwenyewe, bila kuondoa kitu. Sasa alikuwa akikunja uso. "Haijaisha. Jumla ilikuwa elfu arobaini na moja mia nane na sitini. Tumeondoa elfu thelathini na nane, mia sita na arobaini. Zimebaki elfu tatu, mia mbili na ishirini. Zaidi ya siku tisini, na hizi hazina tiketi, hazina hasi, hazina chochote. Mia nane na tano kila baridi, miaka minne. Huyu kweli hajalipa." Akainua macho. "Kambi ya Ziwa. Hii ni ya nani?"

Fernand, aliyekuwa ameingia kutafuta andazi jingine, alicheka hadi akashika mlango. "Ile ya kuwindia? Na tangi la galoni mia mbili na sabini na tano, nyuma ya choo? Nimeshasema, tangi sisahau. Mwulize bosi anavyopenda kulala na joto."

Macho yote yalimgeukia Gérard. Naibu Theriault akagusa pingu zake, kwa matumaini kidogo.

Gérard Levasseur, aliyekuwa ameidai dunia nzima tangu asubuhi, alikuwa ndiye mdaiwa pekee aliyebaki kwenye ripoti yake mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wageni. Akatoa kitabu cha hundi kutoka koti la ndani, akaandika, akachana, akaisukuma mezani.

Bernadette aliisoma hundi pande zote mbili. Akafungua ukurasa wa kupokea malipo, mlango wa mbele, akaweka alama kwenye ankara zote nne, akahifadhi. Kisha akazichapa, akazipanga mbele yake, akauchovya muhuri.

*Pa! Pa! Pa! Pa!*

Kwenye ripoti, safu ya zaidi ya siku tisini ilikuwa tupu. Prescott aliitazama muda mrefu, kisha akaikunja na kuitia mkobani, na akamwuliza Bernadette, kwa adabu, kama angeweza kupata nakala ya kalenda ile.

"Kesho usije," Gérard alimwambia Bernadette, akitazama kofia yake. "Pumzika. Umestahili. Jumatatu tutaandika vizuri hicho kiinua mgongo, mbele ya huyu kijana."

"Jumatatu siwezi," alisema Bernadette. Alitia kopo la kakao mkobani, akafunga zipu, akainua macho hadi kwenye ubao mwekundu na kuusoma wote, taratibu, kwa sauti. "Jumatatu vinaingia viazi."

Goti la Zélie liliacha kurukaruka.

Gérard aliinuka, akapanda juu ya kiti cha wageni kwa shida, miaka sabini na mmoja yote ikilia magotini mwake, akaushika ubao kwa mikono miwili na kuung'oa ukutani pamoja na msumari wake.

"Mapipa mangapi?" aliuliza.